Jua la Mlango wa Nne

Mpangaji wa mlango wa nne aliitwa Mama Mashuka, na kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza jina jingine. Alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwake. Kila siku isipokuwa Jumapili aliloweka mashuka ya vyumba kumi na vinane, akayasugua, akayasuuza maji matatu, kisha akayakamua na mwenzake, mmoja ameshika huku, mwingine kule, kama watu wanaogombea urithi. "Mimi siri za wageni nazijua kuliko wake zao," alizoea kusema, na hapo watu walicheka, naye akaendelea na kazi.

Nyumba aliyopanga ilikuwa ya safu, milango sita chini ya bati moja, nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Kila mlango ulikuwa na vyumba viwili, na ua ulikuwa wa wote. Aliishi na mama mkwe wake, bibi mwembamba mwenye kisukari na ulimi mwepesi. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alifika nyumbani mara mbili kwa mwezi, na mara zote mbili alifika kulala.

Habari za umeme wa jua alizileta mwenye nyumba mwenyewe. Alisimama katikati ya ua, mikono nyuma, akawaambia wapangaji kwamba vibatari sasa basi. Kila mlango utapata paneli mbili juu ya bati, betri, kisanduku cha kuongozea umeme, taa tatu, na nguvu ya kutosha kuendesha jokofu. Kodi ingepanda kidogo. Watu hawakununa sana, maana kodi ilikuwa na tabia ya kupanda hata bila sababu, na safari hii angalau sababu ilikuwepo.

Mafundi wa kampuni walikuja siku ambayo mawingu yalikuwa yamejikusanya. Walifanya kazi huku macho yakiwa juu, wakivuta nyaya darini harakaharaka, na kabla mvua haijashika waliwasha taa, wakapiga picha, wakaondoka. Milango sita kwa siku moja na nusu.

Kwa Mama Mashuka, umeme ulidumu wiki moja. Baada ya hapo taa zilianza kufifia mara tu jua likizama, na jokofu dogo alilokuwa amejinyima kulinunua likawa linanguruma kidogo adhuhuri, kisha linanyamaza. Bibi alilifungua, akatia mkono ndani, akautoa.

"Tuweke vyombo humu," alisema. "Tutapata kabati lenye taa."

Mama Mashuka hakucheka. Jokofu lile lilinunuliwa kwa ajili ya dawa ya bibi, ile ya sindano, ambayo nesi alikuwa amesema haitaki joto, na chumba kilicho chini ya bati mchana ni tanuri.

Alianza kwa mwenye nyumba, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa mji. Mwenye nyumba alimsikiliza huku akipima misumari.

"Mama, mimi nimeshamalizana na kampuni. Mitambo ni yao. Mimi najua nyundo na saruji. Nenda kwao watakusaidia."

Alikwenda kwao. Ofisi ilikuwa na viti vya plastiki na dirisha la kioo lenye tundu dogo la kusemea, na nyuma yake palikuwa na binti mwenye sauti ya upole.

"Mkataba una jina la nani?"

"La mwenye nyumba."

"Basi mteja wetu ni yeye, mama. Wewe ni mtumiaji."

"Mtumiaji wa nini, mwanangu, na hakuna cha kutumia?"

Binti alitabasamu, maana hakuwa mtu mbaya. "Mwambie mwenye nyumba atupigie simu."

Akarudi kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akasema atapiga. Baada ya wiki mbili akasema alipiga lakini haikupokelewa. Binti wa dirishani akasema hakuna simu iliyoingia. Hivyo ndivyo Mama Mashuka alivyopigwa danadana miezi mitatu, akitoka kazini na vidole vilivyonyauka kwa maji, akienda huku, akirudishwa kule. Kila safari aliambiwa maneno mazuri. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemtukana, na hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwa sababu mtu akikutukana angalau unajua pa kuanzia.

Mwezi wa nne wa danadana hizo kampuni ikatuma fundi. Aliweka ngazi, akapanda, akapima paneli mbili zilizokuwa juu ya mlango wa nne.

"Paneli zote nzima," alisema kutoka juu. "Zinavuta jua vizuri kabisa."

Akashuka, akaingia ndani, akapima betri. "Betri ndiyo haijai. Mnatumia sana."

"Tunawasha taa moja, mwanangu. Ya pili tuliacha kuiwasha mwezi uliopita."

"Basi ni jokofu."

"Jokofu tumelizima wiki tatu sasa."

Fundi alikuna kichwa. Alikuwa na milango mingine saba ya kwenda siku hiyo. Akaandika kwenye fomu yake: haina tatizo. Akamwomba atie sahihi, na Mama Mashuka akatia, kwa kuwa alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu kazini na saa ilikuwa imekwisha.

Safari ya pili walimbadilishia betri. Taa ziliwaka siku tatu kwa sababu betri mpya ilikuja imejazwa hukohuko ilikotoka. Siku ya nne ikawa yaleyale.

"Hata mimi nilipoolewa nilijaa furaha siku tatu," bibi alisema.

Kilichofuata ni sukari ya bibi kupanda. Alikuwa akidungwa sindano zake kila siku, asubuhi na jioni, bila kukosa, na bado alikunywa maji kama mchanga na macho yake yakaingia ukungu. Kwenye zahanati nesi aliangalia kadi, akaangalia kichupa cha dawa, akauliza, "Hii mnaiweka wapi?"

"Kwenye jokofu."

"Jokofu linapoza?"

Mama Mashuka aliangalia sakafu. Nesi akaelewa, akatoa kichupa kipya, akasema kwa upole kwamba cha kwanza kiliharibika kwa joto, kwamba bibi alikuwa akidungwa maji tu.

Basi siku hiyohiyo alibisha hodi mlango wa tatu.

Mlango wa tatu alikaa Mama Barafu, mjane, mwanamke mnene na mchangamfu. Kazi yake ilikuwa kuuza maji baridi na juisi za kugandisha kwa watu wa mashine ya kusaga. Alikuwa na jokofu kubwa la kulaza, na tangu umeme wa jua uingie lilikuwa halinyamazi, linapoza hadi vifuniko vya chupa vinashikana. "Mimi nina bahati na mitambo," alipenda kusema. "Hata redio ya marehemu ilikuwa inanisikia mimi tu."

"Lete, shoga yangu," alisema aliposikia shida. "Dawa yenyewe ina ukubwa gani?" Akaitengea mkebe safi pembeni, mbali na juisi, mahali pasipogandisha.

Alikuwa na moyo mzuri, hilo halina ubishi. Lakini msaada una uzito wake, na anayeujua uzito ni aliyebebeshwa. Kila asubuhi kabla ya chai na kila jioni kabla ya chakula, Mama Mashuka alibisha hodi. Asubuhi nyingine Mama Barafu alikuwa bado amelala, na ilibidi kusubiri uani huku bibi ndani anasema anasikia njaa. Na wateja walipokuja, Mama Barafu aliwaambia, "Fungueni polepole, humo mna dawa ya bibi wa watu. Sijui bila mimi wangefanyaje." Hakusema kwa ubaya. Mama Mashuka akaanza kufagia mbele ya milango yote miwili. Akaanza kumfulia jirani yake mashuka, yeye ambaye Jumapili hakutaka hata kuliona beseni.

Siku moja Mama Barafu alipata habari kwamba dada yake amezidiwa. Akaondoka alfajiri bila kumwamsha mtu, akafunga kufuli. Mama Mashuka alibisha, akapiga simu, simu ikasema haipatikani. Kufikia saa tatu bibi alikuwa anatapika. Alimpakia kwenye pikipiki, akamshikilia kwa nyuma mpaka zahanati, wakakaa huko hadi mchana. Alipofika kazini msimamizi wake alitazama saa ya ukutani, akasema, "Mama, mashuka hayajifui." Akayafua ya vyumba vyote kumi na vinane hadi jua likakaribia kuzama.

Jioni Mama Barafu alirudi, akaja mbio na viatu mkononi. "Nisamehe, mwenzangu. Nilichanganyikiwa, nikasahau kabisa."

"Si kitu," alisema Mama Mashuka. Angesema nini? Utamgombeza vipi mtu kwa kufunga mlango wake mwenyewe?

Mambo yalikwenda hivyo, mwaka ukapita na zaidi. Aliacha kwenda ofisini. Si kwamba alikata tamaa. Tamaa yenyewe ilikuwa inataka nguvu, na nguvu zote zilikuwa zimeishia kwenye beseni.

Kisha mabomba ya nyumba ya wageni yakakauka wiki nzima, na msimamizi akawapa madobi mablanketi wakayafulie makwao. Jumapili, saa sita mchana, Mama Mashuka alikuwa ametundika uani blanketi kubwa la kijivu, la kitanda cha watu wawili. Upepo ukaja ghafla, ukaling'oa kwenye kamba, ukalitupa juu ya bati. Lilitua juu ya paneli zake mbili, likazifunika kama linazilaza.

Alishusha pumzi. Akachukua ule mti mrefu wa kuinulia kamba ya nguo, na kabla hajaunyanyua akamsikia Mama Barafu ndani kwake.

"Mbona kisanduku changu kinalia? Taa ya kijani imezimika."

Mama Mashuka hakulitilia maanani. Alinasa ncha ya blanketi kwa ule mti, akavuta. Paneli zikaonekana nusu.

"Imewaka," ilisema sauti ya Mama Barafu.

Akasimama na mti mkononi. Jua lilikuwa linamchoma utosini. Polepole, kwa kutumia ule mti, alilisukuma blanketi likarudi juu.

"Imezima tena. Hiki kidude kina wazimu."

Akavuta.

"Imewaka."

Aliegemeza mti ukutani, akaingia kwake, akatazama kisanduku chake. Kijitaa chake cha kijani kilikuwa kinafifia vilevile kama siku zote, kama hakikutokea kitu. Akatoka.

"Shoga," aliita, "njoo nje kidogo."

Walirudia jaribio mbele ya bibi, aliyeletewa kigoda uani. Safari hii walifunika paneli za mlango wa tatu. Kwa Mama Barafu hakikubadilika kitu. Kwa Mama Mashuka, hata kile kijitaa kinyonge kikafa. Nyaya zilikuwa zimepishana darini siku ile ya mawingu. Jua lililoanguka juu ya mlango wa nne lilikuwa likishukia mlango wa tatu, na yale makombo ya mlango wa tatu ndiyo yaliyokuwa yakimfikia dobi. Fundi alipopima paneli juu alisema ukweli, na alipopima betri chini alisema ukweli vilevile. Hakuna aliyefuata waya katikati.

Mama Barafu alikaa chini kwenye kizingiti. Uchangamfu wa uso wake ulikuwa umemtoka.

"Mimi sikujua," alisema.

"Najua hukujua."

Mama Barafu aliinua uso. "Shoga, tusiende mbali. Dawa si ipo kwangu na inapoa? Tuendelee hivihivi. Ufunguo wa akiba nitakupa wewe. Wakibadilisha nyaya, juisi zangu nitagandisha wapi? Paneli zile mbovu zitakuwa zangu."

Na ukweli ni kwamba Mama Mashuka alitaka kukubali. Si kwa huruma pekee. Alifikiria viti vya plastiki, dirisha lenye tundu, na mwenye nyumba na misumari yake. Kukubali kungemaliza kila kitu pale pale uani. Alisema atafikiri.

Jioni ile, akimpaka bibi mafuta miguuni, alimweleza. Bibi alivuta mguu wake, akamtazama.

"Mwanangu," alisema, "mwaka na zaidi unabisha hodi kuomba jua lako mwenyewe. Na unamfulia mashuka juu yake."

Kesho yake alimwambia jirani kwamba ataripoti. Alisema kwa sauti ya chini, huku amekunja mikono kama mtu anayeomba radhi. Mama Barafu hakugomba. Aliingia ndani akafunga mlango. Mama Mashuka aliporudi kutoka kazini alikuta mkebe wa dawa umewekwa kizingitini pake, umezungushiwa vipande vya barafu na kitambaa kilicholowa, umefungwa vizuri sana. Hasira na uangalifu kwenye fungu moja. Alikaa pale kizingitini, fungu mapajani, baridi ikimwingia, asijue alie au afanye nini.

Msimamizi alimruhusu kuihifadhi dawa kwenye jokofu la jikoni la nyumba ya wageni. Kila jioni alirudi nayo kwenye chupa ya chai yenye barafu, na kila asubuhi, akishamdunga bibi, aliondoka nayo. Alitembea na chupa hiyo kama mama aliyebeba mtoto.

Ofisini binti alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kisa hicho hajawahi kukisikia, ila kubadilisha nyaya ni kazi ya dari, na dari ni ya mwenye nyumba, hivyo barua yake lazima. Mwenye nyumba naye akasema, "Umeme uko kwenye jengo langu. Ukiwa kwa huyu, ukiwa kwa yule, kwangu ni mamoja. Kwa nini niwagombanishe wapangaji?" Akamwambia asubiri, ana wateja.

Alisubiri. Hakwenda pale kufanya mgomo, alikwenda kuomba. Lakini ilikuwa siku yake ya mapumziko ya kwanza baada ya wiki tatu za kuitwa kazini hata Jumapili, duka lilikuwa na kivuli, na mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa kwa urefu wa kitanda. Alikaa juu yake, akaegemea, akasinzia. Mara akawa amelala kabisa, mdomo wazi, kandambili moja imeanguka.

"Huyu mama ana nini?" aliuliza mteja wa kwanza.

"Anasubiri."

"Anasubiri nini?" aliuliza wa pili.

Mwenye nyumba alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yake yalivyomgeuka mdomoni. Mteja wa tatu, mzee aliyekuja kununua bawaba, alisikiliza yote akauliza, "Barua yenyewe ina urefu gani?" Ilikuwa na mistari minne. Alipoamshwa, Mama Mashuka alikuta karatasi imekunjwa imewekwa mkononi mwake. Aliomba radhi kwa kulala.

Fundi alikuja baada ya siku kumi na mbili. Alipanda darini, akakata, akaunga, akashuka na utando wa buibui kichwani. Robo saa.

"Tayari?" aliuliza Mama Mashuka.

"Tayari."

Bibi aliwasha taa zote tatu mchana kweupe na kuzunguka chini yake akizitazama. Jokofu likaanza kunguruma. Mama Mashuka alikuwa ameingoja siku hiyo kwa muda mrefu hivi kwamba ilipofika hakuwa na cha kuipa. Alirudisha dawa mahali pake, akajinyoosha kitandani, akalala mpaka jioni.

Mlango wa tatu jokofu lilinyamaza siku ya tatu. Fundi alikuwa amezipima paneli za huko: moja ilikuwa na ufa mwembamba tangu siku ya kufungwa, na nyingine, kuanzia mchana, ilikaa kwenye kivuli cha tangi la maji la mashine ya kusaga. Kwa kuwa Mama Barafu hakuwahi kulalamika, hakuna aliyewahi kuzipandia. Wateja wa maji baridi walihamia kwa mtu mwingine. Yeye akaanza kuuza karanga, akikaa nje, mgongo akiuelekeza mlango wa nne.

Wiki tatu hazikuwa na salamu. Kisha Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni kwa Mama Mashuka, amevaa viatu vya kutokea na mkoba kwapani.

"Ile ofisi," alisema bila kumtazama, "unaingilia mlango gani?"

"Wa pembeni. Huo wa mbele umefungwa siku zote." Mama Mashuka alifikiri kidogo. "Usiende leo. Anza na barua ya mwenye nyumba. Ukienda bila barua watakurudisha."

"Ataniandikia?"

"Nitakupeleka Jumapili."

Alimpeleka dukani, na safari mbili zaidi alimsindikiza ofisini, wakakaa kwenye viti vya plastiki wakiwa na maneno machache. Safari ya tatu hakwenda. Alimwambia jirani yake amechoka, na jirani akasema anaelewa, naye alikuwa anaelewa kweli. Paneli yenye ufa ilibadilishwa baada ya miezi mitano. Kile kivuli hakuna aliyekiondoa. Tangi ni la mwenye mashine. Mama Barafu anauza juisi nusu ya alizokuwa akiuza, na karanga kwa nusu nyingine. Wanaamkiana vizuri na wanaazimana chumvi, lakini neno shoga halijarudi. Sasa wanaitana jirani.

Sukari ya bibi imetulia. Anadungwa saa ile anayotakiwa kudungwa, chai inakuja, na ulimi wake umerudi na kasi yake yote. Mama Mashuka bado anafua vyumba kumi na vinane.

Jumapili moja juzi alikuwa ameloweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, mpangaji wa mlango wa sita, kijana kinyozi, akaja kumwambia kwamba betri yake imevimba na taa zinawaka na kuzima. Amesikia kwamba yeye ndiye anayejua mambo hayo. Je, angeweza kwenda naye?

Mama Mashuka alifumba macho, akayafumbua. Akamwambia asiiguse ile betri, afungue madirisha, na asimruhusu fundi aondoke kabla hajafuata waya kutoka juu mpaka chini. Barua kwanza, kisha mlango wa pembeni.

"Na uende umekula," alisema. "Utakaa sana."